Homoni Zikigoma, Usimsake Mchawi: Anza na Tumbo Lako

  Leo naomba nikuvute pembeni kidogo tuongee habari ambayo imekuwa gumzo kila kona ya jiji, kuanzia saluni za Sinza mpaka viti vya nyuma vya daladala za Mbagala. Habari yenyewe ni homoni.

Siku hizi ukikaa saluni nusu saa tu, neno hilo utalisikia mara kumi. Huyu kanenepa ghafla, anaambiwa homoni. Yule kidevu kimeota ndevu kama za kaka yake, homoni. Wa tatu kaamka vibaya, kila akiulizwa anajibu kwa mkato, wenzake wanakonyezana: "Mwacheni huyo, homoni zimepanda." Hata akina kaka hawajasalimika. Nenda kijiweni jioni, utawakuta wawili wamejitenga wanaongea kwa sauti ya chini. Ukitega sikio, nao ni homoni hizo hizo.

Na palipo na gumzo, bwana, wafanyabiashara hawachezi mbali. Kuna poda za kusawazisha homoni, kuna chai za kusafisha kizazi, kuna maji ya rangi ya kahawia yaliyotiwa kwenye chupa ya soda. Zote zinaponya ndani ya siku saba, na zote zinatibu kila kitu, kuanzia chunusi mpaka ndoa inayolegalega.

Sasa miaka ya karibuni ameingia mchezaji mwingine uwanjani. Wanasayansi wanasema kwamba wale vijidudu wanaoishi tumboni mwetu, bakteria na wenzao, wana mkono wao katika mambo ya homoni. Kundi zima la vijidudu hao linaitwa maikrobayomu. Wauza poda hawakulala: wiki hiyo hiyo waliposikia habari, lebo ikabadilishwa, ikaandikwa "inatibu tumbo na homoni."

Nimeamua leo nikupe mchele na pumba vikiwa mbalimbali. Kilichothibitishwa nitasema kimethibitishwa, na kile ambacho bado kiko maabara nitakuambia kiko maabara. Vuta kiti.

HOMONI NI TARISHI

Enzi zile kabla ya simu za mkononi, kila ofisi ilikuwa na tarishi. Anachukua barua kwa bosi huyu anampelekea bosi yule, na kazi inakwenda. Homoni ndiyo kazi yake. Ni kemikali zinazotengenezwa na tezi mbalimbali: iliyo chini ya ubongo, iliyo shingoni, zilizo juu ya figo, kongosho, na vilevile ovari kwa akina dada na korodani kwa akina kaka. Zikishatengenezwa zinapanda basi la damu na kwenda kutoa amri mbali kabisa. Insulini inaamuru seli zifungue mlango sukari iingie. Estrojeni inaandaa mfuko wa uzazi. Testosteroni inaotesha ndevu na kukuza misuli, na ujue kwamba hata wanawake wanayo, ila kidogo.

Kwa hiyo mtu akikuambia "una homoni", hajakuambia kitu. Ni sawa na fundi gereji anayekuambia gari lako lina spea. Kila mtu ana homoni. Swali ni homoni gani, imezidi au imepungua, na kwa nini. Kisukari ni ugonjwa wa homoni. Tezi ya shingo ikizidisha au kupunguza kazi, nao ni ugonjwa wa homoni. Hedhi inayokuja kama mgeni asiyebisha hodi, leo ipo na miezi mitatu haipo, mara nyingi nayo ni habari ya homoni. Ni magonjwa tofauti yenye dawa tofauti. Poda moja haiwezi kuyatibu yote, hata ikiwa imesagwa usiku wa manane.

WAPANGAJI TRILIONI 38

Tuje kwa wapangaji. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya Weizmann kule Israel walipiga upya hesabu ya bakteria walio ndani ya mwili wa mtu mzima. Wakapata kama trilioni 38, na seli za mwili wenyewe kama trilioni 30. Yaani ndani ya nyumba yako wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba! Lakini ni wadogo mno: ukiwapima wote kwa pamoja uzito wao ni kama gramu 200 tu. Wengi wao wamejazana kwenye utumbo mpana.

Kama walivyo wapangaji wa Manzese, wapo wema na wapo wakorofi. Wema wanalipa kodi. Wanasaga nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo lako peke yake haliziwezi, wanatengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini B, na wanawafundisha askari wa mwili kumtofautisha adui na mwenyeji. Wakorofi nao wapo, ila wakizungukwa na wema wengi wanakaa kimya. Balaa linaanza pale wema wanapopungua.

WANAKUTANIA WAPI NA HOMONI?

Najua unajiuliza, vijidudu wa chooni na hedhi ya dada wapi na wapi? Subiri.

Njia ya kwanza ni ya estrojeni. Ini likishaona homoni hiyo imemaliza kazi, linaifunga kama kifurushi na kuitupa kwenye nyongo, nyongo inaipeleka utumbo, itoke na choo. Lakini utumboni wapo bakteria wenye kimeng'enya cha kukata kamba ya kifurushi hicho. Wakishaikata, estrojeni inakuwa huru na kurudi kwenye damu. Mwaka 2011 Claudia Plottel na Martin Blaser wa New York walilipa kundi la bakteria wenye uwezo huo jina la estrobolomu. Kwa hiyo kiasi cha estrojeni kinachozunguka mwilini hakitegemei ovari peke yake. Hata wale wa tumboni wanapiga kura.

Njia ya pili ni ya insulini. Bakteria wakishachachua nyuzinyuzi, wanatoa asidi ndogondogo za mafuta. Asidi hizo zinazigusa seli za ukuta wa utumbo, nazo zinatoa homoni iitwayo GLP-1, inayoliambia kongosho litoe insulini na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Kama umewahi kuzisikia zile sindano za kupunguza unene zinazovuma duniani, zenye dawa ya semaglutidi, basi zinaiga homoni hii hii. Nguvu ya sindano ni kubwa mno kuliko ya sahani ya maharage, tusidanganyane, ila mlango wanaobisha ni mmoja.

Njia ya tatu ni ya ukuta. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria vinapenya na kuingia kwenye damu. Askari wa mwili wanahamaki na kuwasha moto mdogo mdogo usiozimika. Moto huo unaufanya mwili usiisikilize insulini. Kongosho likiona halisikilizwi linapiga kelele zaidi, yaani linamwaga insulini nyingi. Na insulini ikizidi kwa mwanamke, inaisukuma ovari itengeneze testosteroni kupita kiasi. Hapo ndipo chunusi na ndevu zinapoingia mjini, na yai linapogoma kupevuka.

SHOGA YANGU NA MIEZI MINNE

Nina shoga yangu mmoja, jina lake naliweka kabatini. Ana miaka 27, anauza vitambaa Kariakoo, na ni mtu wa kucheka sana. Aliolewa miaka mitatu iliyopita. Siku zake zilikuwa zikija anavyotaka mwenyewe, mara baada ya miezi miwili, mara minne. Kidevuni alikuwa akinyofoa nywele kwa kibano kila Jumamosi kabla mume hajaamka. Mtoto hapatikani.

Unaijua familia. Wifi akaanza vijembe. Mama mkwe akasema tumbo limefungwa, na akamtaja jirani aliyelifunga. Basi likaanza zoezi la mganga nje ya mji, kuku mweupe, kisha kuku mweusi. Halafu zikaja poda. Kopo moja shilingi 85,000, akanunua matatu. Kopo la tatu lilimwendesha tumbo siku nne mfululizo mpaka dukani akashindwa kusimama. Muuzaji alipopigiwa simu akasema hiyo ndiyo dalili kwamba uchafu unatoka!

Nilipomkuta amekaa kitandani amejikunja, macho yameingia ndani, nilimwambia kitu kimoja: "Kesho tunakwenda hospitali, na wewe huendi peke yako." Tukaenda. Alipimwa mimba kwanza, kisha damu, wakaangalia sukari, tezi ya shingo na homoni za uzazi, halafu akapigwa ultrasaundi. Daktari wa magonjwa ya akina mama, mama mtu mzima mwenye miwani, akamwita: "Mwanangu, kaa hapa. Hakuna aliyekufunga. Una PCOS."

Nilimwona shoga yangu akilia. Baadaye aliniambia halikuwa lile jina la ugonjwa lililomliza. Ni kwamba kwa miaka mitatu alikuwa hamsalimii jirani yule.

PCOS NI NINI BASI?

Ugonjwa huu si wa jana. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliuelezea mwaka 1935 baada ya kuwachunguza wanawake saba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba una asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao duniani hawajui. Hebu fikiria, kwenye daladala yenye akina dada ishirini, mmoja au wawili wanao, na pengine hakuna aliyeambiwa.

Daktari hutafuta mambo matatu: hedhi isiyoeleweka, dalili za homoni za kiume kuzidi, na ovari zinazoonekana kwenye picha zikiwa na vifuko vingi vidogo. Ukiwa na mawili kati ya hayo matatu, na magonjwa mengine yanayofanana yameondolewa, unaambiwa unao. Na usitishwe na neno "vifuko". Si uvimbe wa kukatwa. Ni vijumba vya mayai ambayo yalianza kukua yakakwama njiani.

Sasa tumbo linaingia wapi? Mwaka 2019 watafiti wa Peking University, kule Beijing, waliwachunguza wanawake wenye PCOS wakakuta bakteria mmoja, Bacteroides vulgatus, amezidi tumboni mwao. Wakamchukua wakawapa panya. Panya wale wakaanza kuvurugika mzunguko, insulini ikawa haisikilizwi, na kuzaa kukawa shida. Walipowapa kemikali fulani ya mwili ambayo ilikuwa imepungua, hali ikawa afadhali. Mwaka 2013 watafiti wa Toronto, Kanada, walikuwa wameshaonyesha jambo jingine la ajabu. Walichukua vijidudu wa tumboni mwa panya dume wakawapandikizia panya jike wadogo wa ukoo unaoshikwa sana na kisukari. Testosteroni ya majike ikapanda, na kisukari kikapungua!

Hapo naomba tuwe makini. Panya si mtu, na dada wa Buguruni si panya. Halafu kuna swali la kuku na yai: je, bakteria ndio waliovuruga homoni, au homoni zilizovurugika ndizo zilizobadilisha bakteria? Ushahidi unaonyesha mambo yanakwenda pande zote mbili. Kilicho wazi ni kwamba wanawake wengi wenye PCOS wana aina chache za bakteria tumboni kuliko wenzao. Bado hakuna kidonge cha bakteria kilichokubaliwa kuwa tiba ya ugonjwa huu. Anayekuuzia kwa jina hilo anauza ndoto.

HATA KULE CHINI WAMO

Samahani wazee, hili ni la akina dada, ila akina kaka nao wasikie. Mfano ulio wazi kuliko yote wa homoni na vijidudu kusaidiana upo ukeni. Estrojeni inaziamuru seli za ukuta wa uke ziweke akiba ya sukari. Bakteria waitwao Lactobacillus wanakula mazao ya akiba hiyo na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo mlinzi wa geti: wakorofi wanashindwa kuingia. Estrojeni ikishuka, kama kwa mama aliyekoma hedhi, mlinzi naye anapungua.

Sasa kuna dada anaoga mpaka ndani kwa sabuni yenye manukato, mwingine anaweka shabu, mwingine kitunguu saumu, ati anajisafisha. Shoga yangu, unamfukuza mlinzi wako mwenyewe! Ndani kunajisafisha kwenyewe. Maji safi nje yanatosha. Ukiona harufu au uchafu usio wa kawaida, kamwone daktari, usimwone muuza duka.

MPAKA TEZI YA SHINGO

Tezi ya shingo ikizembea, dawa yake kubwa ni vidonge vya thairoksini. Mwaka 2006 madaktari wa Roma, Italia, waliripoti kwamba wagonjwa wenye bakteria yule wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, walihitaji dozi kubwa zaidi ya dawa hiyo ili ifanye kazi ile ile. Sababu ni kwamba bakteria huyo huvuruga asidi ya tumbo, na bila asidi ya kutosha kidonge hakinyonywi vizuri. Kwa hiyo ukiwa unameza dawa ya tezi kila siku na huoni nafuu, mwambie daktari kama una historia ya vidonda vya tumbo. Huo si ushirikina, ni kemia.

WAZUNGU WALIVYOKUJA KUJIFUNZA KWETU

Hapa ndipo ninapojivuna. Wataalamu wa dunia walipotaka kujua tumbo la binadamu lilikuwaje kabla ya mikate ya maduka makubwa, walikuja hapa kwetu, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 walichapisha utafiti uliowalinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16 wa mjini Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Tena wanawake na wanaume wa Kihadzabe walitofautiana, jambo ambalo watafiti walilihusisha na kazi na vyakula, kwa kuwa akina mama ndio wachimbaji wakubwa wa mizizi. Mwaka 2017 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba tumbo la Mhadzabe linafuata msimu. Kuna bakteria wanaotoweka masika, kiangazi wanarudi.

Sikwambii uhamie porini ukachimbe mizizi. Utafiti wa karibu zaidi na maisha yetu ulifanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea chakula cha asili walipewa mlo wa kizungu wa vyakula vya kusindikwa kwa wiki mbili, na waliozoea mlo wa kizungu wakapewa cha asili. Wengine walipewa mbege, kile kileo cha ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Wiki mbili tu za mlo wa kizungu zilitosha kupandisha dalili za ule moto mdogo mdogo kwenye damu. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, na wale wa mbege, moto ukapungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Walevi wangu msishangilie. Ile ilikuwa mbege ya kupimwa, kwa wanaume wazima wa afya, siku saba. Si krismasi nzima. Na kwa kuwa hawakupimwa wanawake, siwezi kukuambia mbege inatibu PCOS. Ninachokuambia ni kwamba chakula kinaweza kuubadili mwili ndani ya siku chache, kwa wema au kwa ubaya.

TUFANYEJE SISI WA MJINI?

Nimeona niyaweke machache ambayo hayana ubishi.

Kwanza, hesabu siku zako. Hedhi inayopitiliza siku 35 mara kwa mara, au isiyofika mara nane kwa mwaka, inataka daktari. Hata kama hutafuti mtoto. PCOS isiyoshughulikiwa inaongeza uwezekano wa kisukari, na ukuta wa mfuko wa uzazi usiomwagika kwa muda mrefu unaweza kuleta kansa baadaye.

Pili, mnunulie mpangaji wako chakula. Chipsi mayai kila jioni na soda baridi ni raha yako wewe, wapangaji wema wanalala njaa. Wao wanataka nyuzinyuzi: dona badala ya sembe, maharage, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele, kisamvu, ulezi, mtama, matunda na maganda yake pale yanapolika. Hivi vitu bei yake ni ndogo kuliko kopo la poda. Mtindi na togwa navyo si vibaya, ilimradi sukari isizidi.

Tatu, acha kumeza dawa za rangi mbili kila ukikohoa. Antibayotiki haichagui, inaua mkorofi na mwema pamoja. Ikiandikwa na daktari, imeze na umalize dozi kama ulivyoelekezwa. Isipoandikwa, pita mbali.

Nne, utembee. Shuka kituo kimoja kabla. Kwa mwenye PCOS aliyenenepa, kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha mzunguko. Ila wapo wembamba kama fito na wanao vilevile, kwa hiyo tusiwanyooshee wanene vidole.

Tano, dawa za hospitali zipo. Kuna vidonge vya majira vya kurekebisha mzunguko, kuna metformini kwa ajili ya insulini, na kuna letrozoli ya kupevusha yai kwa anayetafuta mtoto. Na sikia hii: metformini yenyewe, watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2017, sehemu ya kazi yake inapitia kwa bakteria wa tumboni. Umeona? Usiache dawa ya daktari kwa sababu umeanza kula dona. Vinakwenda pamoja.

Sita, na hili ni la akina kaka. Mtoto asipopatikana, nenda na wewe ukapimwe. Karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mwanaume naye ana mchango wake. Shemeji yangu, mume wa yule shoga, alibisha wiki mbili nzima, ati yeye hana tatizo. Mwisho akaenda. Alipotoka kwa daktari alikuwa mpole kama amemwagiwa maji, na jioni ile ile alimwambia mama yake asilitaje tena jina la jirani ndani ya nyumba yake.

Siwezi kukudanganya kwamba mambo yameisha. Hedhi imeanza kueleweka baada ya miezi kadhaa, mtoto bado. Madaktari wamesema wawe na subira, na subira ni ngumu unapoishi nyumba moja na wifi. Lakini sasa anajua anapambana na kitu gani, na kila mwezi anajua anakwenda kumwona nani.

Mpenzi msomaji, sina dawa ya kukuuzia leo. Ninalo ombi moja tu kwako na kwa rafiki zako. Ukimsikia dada saluni anasema siku zake hazieleweki, usimpe namba ya muuza poda. Mpe namba ya daktari, au bora zaidi, msindikize. Foleni ya hospitali ni ndefu, na ukiwa peke yako inakuwa ndefu mara mbili.

Kwa leo naishia hapa, wino umekata na mhariri ananikodolea macho. Tukutane wiki ijayo. Na ukipita kwa muuza chipsi jioni ya leo, hata kachumbari basi, omba akuongezee. Wapangaji wako watakushukuru.